Kwa mpwa wangu anayechora mji wa mwaka 2100

Mpwa wangu,

Salamu kutoka Malindi. Mama yako amenionyesha michoro yako akauliza, "Huyu mtoto anachora nini?" Nikamjibu ni Afrofuturizimu, sanaa ya kuiwazia kesho ya watu weusi. Akaguna.

Nimeitazama yote. Minara ya vioo, magari yanayopaa, wasichana waliojifunga kanga zinazowaka taa. Inapendeza. Ila ukiziondoa hizo kanga, mji wenyewe ni Dubai. Halafu watu wako wote wanatembea tu, hakuna hata mmoja aliye kazini.

Jina hilo la Afrofuturizimu alilibuni Mmarekani, Mark Dery, mwaka 1993, akizungumzia sanaa ya Wamarekani weusi. Aliuliza watu ambao historia yao ilifutwa makusudi watawezaje kuiwazia kesho. Swali zito, lakini lina kwao. Huku pwani historia imejaa tele. (Wajukuu wa waliotumikishwa mashamba ya Malindi karne ya 19 wana lao la kusema hapo, najua.) Gedi kuna magofu, Lamu imo katika orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2001, na mgeni akija mjini kwetu hupelekwa kwanza kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Tumetunzwa kama vitu vya makumbusho, na kitu cha makumbusho hakiulizwi mwakani kinataka nini.

Sasa sikiliza jambo ambalo huenda shuleni hukuambiwa. Kule Ngomeni, kaskazini mwa hapa, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini. Waitaliano waliyaweka miaka ya 1960 ili kurushia roketi, kwa sababu tuko kama digrii 3 tu kusini mwa ikweta, na huku mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya uhuru, ikarushwa hapo setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Wakaiita Uhuru. Vipimo vyake vya Cygnus X-1, chanzo kimoja cha miale hiyo angani, ni miongoni mwa vilivyowafanya wanasayansi waamini kwamba mashimo meusi, yale yenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki, yapo kweli.

Yote hayo mbele ya macho ya wavuvi wa Ngomeni! Tangu 1988 haijarushwa tena setilaiti pale, ingawa kituo kipo na kinafanya kazi. Na Taifa-1, setilaiti ya Kenya, Aprili 2023, ilipaa kutoka California.

Kwa hiyo usinichoree roketi. Roketi tumeziona. Nichoree mwenye ufunguo wa geti.

Kuna kitu Lamu ambacho mimi nakihesabu kuwa kesho hasa. Mwaka 2018 mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, chombo cha mita 9 kilichoundwa kwa plastiki iliyotupwa, kuanzia mkuku hadi mataruma, kisha kikavikwa ndara kuukuu zipatazo 30,000. Mwaka uliofuata kikatweka hadi Unguja, safari ya kilomita kama 500. Plastiki haina tabia za mti, basi mafundi ikabidi wajifunze upya kazi waliyorithi. Rangi zake, kusema kweli, zinaumiza macho. Lakini aliyeshika tezo ni fundi wa pale pale, na kipimo kikienda kombo ni yeye atakayekirekebisha.

Mtu wa namna hiyo ndiye simwoni kwenye mji wako. Gari linalopaa likiharibika saa nane usiku, anaitwa nani? Anaitwa kwa lugha gani? Mikoko umeipeleka wapi, maana naona ufuo wote ni saruji? Samaki anauzwa wapi, na nani anapanga bei?

Na maji ya kunywa? Ya kwetu yanatoka Baricho, mto Sabaki, na yakikatika mtaa mzima unajua. Kwenye michoro yako sijaona hata tangi.

Mjomba wako,
Malindi