Risala ya wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa nne kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Wauguzi Duniani, Lubumbashi

Mama Mgeni wa Heshima, mwakilishi wa Idara ya Afya ya Jimbo la Haut-Katanga. Bwana Mkuu wa shule. Walimu na wasimamizi wetu wa staji, yaani mazoezi ya kazi hospitalini. Wazazi mliotoka mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Ruashi, na hata Kipushi. Wageni wote: jambo kwenu.

Tunakushukuru, Mama, kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua ulianzia kazi hii wodini kabla ya kukaa ofisini, kwa hiyo tunaomba ruhusa tuseme nawe kama watoto wanavyosema na mzazi anayeijua kazi.

Leo ni tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa mwaka 1820 Florence Nightingale, yule muuguzi Mwingereza aliyewauguza askari wa vita vya Crimea, na wauguzi wa dunia nzima wanasherehekea. Yeye apewe heshima yake. Lakini tulipokaa kuandika risala hii tulikubaliana kwamba hatuna haja ya kwenda mpaka Crimea kutafuta somo. Somo liko hapa nchini kwetu, Kongo.

Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi, wauguzi walikuwa wakipewa mabomba matano ya sindano kila asubuhi, na hayo ndiyo ya kuwadunga wagonjwa wa siku nzima. Kutoka mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine bomba lilisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu, basi. Ugonjwa uliosambaa hapo ndio uliokuja kuitwa Ebola. Watu 318 waliugua, 280 wakafariki. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali ile, 11 walikufa. Hawakuwa watu wabaya, Mama. Walikuwa watu wa sala na huruma, waliofanya kazi mbali na miji. Ila huruma haichemshi bomba la sindano.

Ndiyo maana hatunung'uniki tena mwalimu wetu wa usafi anaposimama mlangoni kutukagua kucha. Nyakati tano za kunawa mikono tunazijua hata usingizini: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kamili kama kuweka sindano mshipani, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, maana mtu anaona amegusa shuka tu. Shida ni kwamba kuna hospitali, hatutaitaja, ambako bomba la maji la wodi lilikuwa kavu na maji yaliletwa na ndugu za wagonjwa kwa bidoni. Mwanafunzi akichota kikombe kunawa mikono, amechota maji ya kunywa ya mgonjwa. Hapo kanuni zote tano zinabaki ukutani zimebandikwa vizuri.

Walimu wetu walitufundisha pia mahitaji 14 ya msingi ya Virginia Henderson, yule muuguzi wa Marekani, kuanzia kupumua, kula na kunywa, kwenda haja, kutembea na kulala vizuri, mpaka kusali kwa imani yake na kujifunza. Mwaka wa kwanza tuliyaimba kama wimbo ili tusiangushe mtihani. Wodini tukaona kwamba kila hitaji lina sura yake hapa Lubumbashi. Kulinda joto la mwili, kwa mfano: darasani linaonekana dogo, lakini ngoja Juni ifike, baridi ya kiangazi iingie usiku kupitia dirisha lisilo na kioo, na mtoto amezaliwa kabla ya miezi yake. Kama hakuna mashine ya joto, mtoto avuliwe, alazwe kifuani pa mama yake ngozi kwa ngozi, afungwe kitenge na kofia. Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa sababu na wao mashine hazikuwatosha.

Kuhusu kula, ruhusu tusimulie jambo moja. Kulikuwa na mzee, mstaafu wa mgodini, ambaye karatasi yake ilikuwa imeandikwa siku baada ya siku: "Amekataa chakula." Binti yake alileta bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo), akarudi nazo. Watu wakaanza kusema mzee amekata tamaa ya kuishi. Siku moja msimamizi wetu akavuta kiti, akaketi, akamwomba mzee afungue mdomo, akamulika kwa tochi. Ulimi na mashavu kwa ndani vilikuwa na utando mweupe kila mahali, na kando kando palikuwa na vidonda. Mzee alikuwa na njaa, ila kumeza kulimuuma. Akaandikiwa dawa ya kuvu, tukawa tunamsafisha kinywa kila baada ya chakula, binti akaombwa alete uji wa vuguvugu badala ya bukari. Msimamizi hakutuhubiria. Alichukua ile karatasi akaandika kile alichokiona, na saa aliyokiona.

Kazi yetu kwa sehemu kubwa ni hiyo, Mama: kutazama, kuhesabu na kuandika. Serumu (dripu) ya mililita 500 kwa saa nne, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Darasani hesabu hiyo ni rahisi. Usiku umeme ukikatika, unashika simu kwa mwanga huku ukitazama saa, na mgonjwa wa kitanda cha pili anakuita.

Siri ya mgonjwa nayo inatutesa. Vitanda vimebanana, ndugu wamekaa chini kati ya kitanda na kitanda, na bado mama anaulizwa kwa sauti kama anameza dawa zake. Likisemwa asubuhi hapo, jioni limefika sokoni mtaa wa Kenya. Pazia la kitambaa halizuii sauti, lakini muuguzi anaweza kuinama.

Na kuna hili, tunalisema kwa adabu. Tumeona wagonjwa waliopona wakibaki kitandani kwa sababu ya deni, na muuguzi akiambiwa awachunge wasitoroke. Mkono uliomwosha mtu jana, leo unamfungia mlango. Tunaelewa kwamba hospitali inahitaji fedha, na wauguzi wenyewe wanahitaji mshahara. Lakini ulinzi wa wadeni si kazi ya uuguzi. Sheria ya mwaka 2016 imetupatia Baraza la Wauguzi. Tungependa sauti yake isikike katika jambo hili, nawe Mama utusaidie kulifikisha.

Maombi yetu ni machache. Chumba chetu cha mazoezi hakina maji. Tunaomba tangi na beseni la kunawia. Tuna kipimo cha presha kimoja kwa darasa zima, na mkono wa plastiki wa kujifunzia sindano umetobolewa mpaka hauonyeshi tena mshipa, kwa hiyo tunadungana sisi kwa sisi, jambo ambalo wazazi wetu hapa pengine walikuwa hawajui. Na kwenye staji, mwanafunzi asiachiwe wodi usiku bila msimamizi. Tunapenda kazi, hatukwepi zamu, ila mgonjwa wa saa nane za usiku ana haki ya muuguzi kamili kama wa saa nne za asubuhi.

Baada ya risala hii, wenzetu watakuonyesha jinsi ya kubadilisha shuka mgonjwa akiwa kitandani bila kumfunua mwili mbele za watu. Ukiona kosa, Mama, tafadhali wasimamishe palepale.

Asante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, wanafunzi wa mwaka wa nne,
Lubumbashi.