Barua kwa mwanangu anayetafuta jina la mtoto

Mwanangu mpendwa,

Orodha yako ya majina saba nimeipata, nikaisoma kwa sauti peke yangu jikoni, na matano kati yake yanaishia na "ella" au "anna", kiasi kwamba ukiita jina moja uani huenda wakaitika watoto watatu. Kwa kuwa umeniomba rai yangu, mimi shangazi yako, nitaitoa bila kuficha.

Marehemu bibi yako aliitwa Chausiku. Alizaliwa usiku wa upepo mkali, koroboi ikazimika mara mbili, na mkunga akampokea kwa kupapasa huku jirani akija mbio na kijinga cha moto. Habari hiyo tuliijua tangu utotoni, si kwa sababu mama alipenda kujisimulia, bali kwa sababu kila aliyemuuliza asili ya jina lake ilimbidi amweleze. Ndivyo wazee wetu wa pwani walivyokuwa wakiita watoto: Mwanaidi alizaliwa sikukuu, Mwanahamisi siku ya Alhamisi, Mwajuma siku ya Ijumaa, Mwanamvua mvua ikinyesha, na Sikujua ni mimba ambayo mama mwenyewe hakuitarajia.

Najua utanijibu kwamba Mwajuma amekwisha kuwa kichekesho, tangu watu walipombandika "ndala ndefu" na kumfanya mfano wa mwanamke mshamba. Mzaha huo unanikera, kwa maana hilo "mwana" linaloanza majina hayo lilikuwa neno la heshima kwa mabibi wa pwani. Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858, hakuwa mtu wa kuchekwa. Na wakwe zako wakishikilia jina la dini, Mwanaisha ni Aisha yuleyule.

Si yote ninayotaka yarudi. Shida na Tabu yapumzike, sembuse Mtumwa, jina alilopewa mtoto wa kike aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Baadaye akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na ndiye huyo Siti binti Saad tunayemjua sote. Pili na Tatu siyachukii, ila hayo ni ya kuhesabia, na wewe ndiyo kwanza unaanza.

Umesema utajifungua mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea. Mwanamvua ni jina ambalo kwa miaka mingi sijalisikia likiitwa mtoto mchanga. Nimekutana nalo kwa wanawake wa rika langu tu, nao wanapungua. Lijaribu kinywani kabla hujalikataa. Mkiandika Arianna kwenye cheti cha kuzaliwa sitagomba, lakini akizaliwa usiku, siku nitakayompakata nitamwita Chausiku, na akifika umri wa kuuliza kwa nini, nitamweleza habari ya koroboi.

Shangazi yako