Barua kwa shoga yangu: tangazo la mjane Read na mafuta yako ya mwarobaini

Shoga yangu,

Habari za Tanga na joto lake. Mimi huku Philadelphia mzima, baridi tu ndo inanitesa, mikono imekauka mpaka inachubuka na yale mafuta yako ya mwarobaini yamebaki ya kuchovya kwa ncha ya kidole. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili maana shemeji anapiga randa huko nyuma utadhani anaranda kwenye sikio langu. Kama nimekuelewa unataka nikutungie tangazo, la mafuta yako na la vitanda vyake kwa pamoja kwa sababu duka ni moja na kodi ni moja. Sawa nitatunga, ila ngoja kwanza nikupe stori, usinikatishe.

Juzi sikua na zamu nikashuka mtaa wa Market, kuna kiwanja pale alipokaa Benjamin Franklin, yule mzee wa kwenye noti ya dola mia. Nyumba yenyewe ilibomolewa 1812, wamesimamisha fremu za chuma tu kuonyesha paa lilipita wapi, unasimama chini yake kama umeingia kwenye nyumba ambayo fundi kakimbia na hela ya bati. Watu wote walikua wanamuongelea Franklin, umeme wake, siasa zake. Mimi nikabaki na mama mkwe wake.

Anaitwa Sarah Read. Mumewe, John Read, alikua seremala hapahapa mjini enzi za ukoloni wa Mwingereza, akafa 1724 akamwacha mjane na watoto na madeni. Sasa huyu mama alikua anajua kupika mafuta ya dawa. Binti yake Deborah akaja kuwa mke wa Franklin 1730, na Franklin alishanunua gazeti mwaka mmoja nyuma, Pennsylvania Gazette, basi mama akahamia palepale kwa mkwe karibu na soko, na Agosti 1731 likatoka tangazo lake gazetini. Mwenzangu! Nimelisoma nikacheka peke yangu, kwa sababu ni wewe kabisa.

Linaanza kwa kusema mjane Read amehama, alikua mwisho wa juu wa mtaa, sasa yuko kwenye ofisi mpya ya kupiga chapa karibu na soko. Yani kabla ya sifa yoyote mteja ajue pa kwenda. Halafu ndo mafuta yenyewe, ni ya upele, na yanaua au kufukuza chawa wa kila aina ukipaka mara moja au mbili (chawa wa mwilini, sio hawa wa mjini wanaowasifia wakubwa, hao hawana dawa). Hayana harufu mbaya, tena yananukia vizuri, hata mtoto anayenyonya unampaka. Kikopo cha aunsi moja, kama gramu 28 hivi, shilingi 2, na amesema kinatosha kumaliza upele sugu. Ya kuungua moto ni shilingi 1 kwa aunsi. Shilingi hiyohiyo shoga, tuna ukoo na hawa.

Hapo kwenye harufu nilikaa sana. Dawa ya upele iliyozoeleka enzi hizo ilikua kiberiti cha unga (salfa, sio cha kuwashia) kilichokorogwa na mafuta ya nguruwe, sasa fikiria mtu anajikuna, nyumba nzima inajua, halafu ajipake kitu kinachonuka kama yai viza aende kanisani. Mama alijua mteja anaogopa aibu kuliko mwasho. Hakuandika mafuta yake ni bora kuliko ya fulani, aligusa palepale panapouma akanyamaza. Na wewe ya kwako yananukia mchaichai lakini hujawahi kuandika hata siku moja! Unaandika "yanatibu magonjwa 40" na picha ya ua waridi. Magonjwa 40 nani aliyahesabu?

Sio kwamba na yeye hakutia chumvi. Amesema dawa yake haishindwi kamwe, hapo mama kaongopa, hakuna dawa ya hivyo. Na palepale alikua anauza vidonge vya Lockyer kutoka London, peni 3 kimoja. Huyo Lockyer alikua anadai vidonge vyake vimetolewa kwenye miale ya jua, haki ya Mungu, na alishakufa tangu 1672 lakini dawa inauzwa tu. Mpaka kaburi lake kule Southwark limeandikwa mashairi ya kusifia vidonge. Maiti anafanya biashara! Huko usifike, wewe ukiandika neno "inatibu" ujue watu wa Baraza la Tiba Asili nao wana simu wanaona.

Sasa ya shemeji, na msomee hii kwa sauti. Seremala Read kilichomponza ni dhamana. Kuna mwanasheria mmoja laghai, Riddlesden, alimshawishi amwekee dhamana, na Franklin mwenyewe aliandika uzeeni kwamba hilo lilimfilisi mzee nusu. Na Deborah kabla ya Franklin aliolewa na mfinyanzi, fundi hodari kweli lakini hana maana, akakimbilia visiwa vya huko kusini akaacha madeni. Mama yangu we, ile familia iliona. Nimesikia shemeji anataka kumsainia jamaa yake mkopo wa bodaboda. Mwambie shemeji yake wa Marekani kasema asithubutu.

Mbao nazo zilikua biashara ya bandari hii. Meli zilibeba mbao za nyumba, vibao vya kuezekea, na vibao vya kuundia mapipa kwenda Barbados na Jamaica, zinarudi na sukari na rumu. Na mnunuzi hakuambiwa "mbao" tu: mwaloni mweupe ni wa pipa la rumu kwa sababu hauvujishi, mwaloni mwekundu unatosha kwa sukari. Ukikosea mti umemwaga mzigo wa mtu baharini. Lakini hapa sikuweza kufurahi sana, kwa sababu ile sukari ililimwa na watumwa, watu wetu, na gazeti lilelile lililomtangaza mjane na mafuta yake lilikua linatangaza watu wa kuuzwa, eti ulizia kwa mwenye gazeti. Fomu ileile, yuko wapi, anajua kazi gani, muone nani. Nilisimama pale kwenye fremu nikahisi baridi mara mbili, nikaondoka nikaenda kunywa chai.

Ila la kutaja mti nalichukua. Unakumbuka lile kabati nililonunua Dar kabla sijaja huku, jamaa akaapa ni mninga? Siku tunahama likakwaruzwa na bawaba ya mlango, ndani peupeee, paini iliyopakwa vanishi nyekundu. Laki nne yangu. Sikatai rangi, hata hapa kuna viti vya zamani vya Windsor, kikalio mti huu, miguu mti ule, vikapakwa kijani vyote, lakini fundi wake hakuapa ni mti mmoja. Kwa hiyo kitanda kama ni mtiki wa Muheza kiandikwe mtiki wa Muheza, kama ni paini kiandikwe paini na kiuzwe bei ya paini, kuna watu wanakitafuta hichohicho.

Haya, jaribio la kwanza hili, likikuudhi nirudishie:

"Yule mama wa mafuta aliyekua karibu na stendi amehamia Ngamiani nyuma ya soko, mlango wenye vitanda nje. Mafuta ya mwarobaini na nazi kwa ngozi kavu na inayowasha, yananukia mchaichai, kikopo gramu ___ shilingi ___. Hapohapo vitanda vya mtiki 5 kwa 6, bila godoro, unaruhusiwa kukwaruza chini ya ubao uone."

Gramu nimeacha wazi kwa sababu najua hujawahi kupima, unajaza kwa jicho. Nenda kwa muuza dagaa umuazime mizani, pima kikopo kitupu kwanza halafu kilichojaa, unitumie. Na kabla sijaiacha hiyo ya kukwaruza muulize shemeji kile kitanda cha dirishani ni mtiki kweli, au.

Wako,
shoga yako wa baridini