Pikapu yako ya V8 inazima silinda, mbona bado inakula mafuta?

Kila majira ya baridi hapa Minnesota, malalamiko yanayotufikia gerejini huwa yale yale. Mtu amenunua Silverado au Ram 1500 ya V8, yaani yenye injini ya silinda nane, akaambiwa kuwa barabarani injini huzima silinda nne ili kubana mafuta. Baada ya muda anaona tangi linakauka upesi, anatuletea gari tumtafutie ubovu. Mara nyingi ubovu haupo. Mfumo unafanya kazi, ila faida yake ni ndogo kuliko alivyoelezwa wakati wa kununua.

Ukienda mwendo wa wastani kwenye barabara tambarare, V8 haihitaji nguvu zake zote. Mlango wa hewa unakuwa umefungwa karibu wote, na pistoni zinahangaika kuvuta hewa kupitia upenyo mdogo. Mahangaiko hayo yanakula mafuta. Kompyuta ikizima silinda nne, nozeli zake huacha kumwaga mafuta na valvu zake hubaki zimefungwa. Nne zilizobaki hubeba mzigo wote, kwa hiyo mlango wa hewa hufunguliwa zaidi na injini inavuta bila kubanwa. Kwenye Silverado za 2019 na kuendelea, baadhi ya V8 zina mipangilio 17 ya silinda, na kompyuta hubadilisha kadiri mguu wako unavyokanyaga.

Sasa piga hesabu. Gari linalokwenda maili 18 kwa galoni, hata likiokoa asilimia 7, linaongeza maili moja na kidogo tu. Hiyo ni rahisi sana kuipoteza. Ukitoka maili 65 kwa saa hadi 75, ukinzani wa hewa unapanda kwa karibu theluthi. Ukifunga trela, silinda zote nane zinaingia kazini na hazipumziki. Kipimo cha msingi cha matumizi ya mafuta cha EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, cha barabara kuu kina wastani wa maili 48 kwa saa na hakizidi 60. Tangu modeli za 2008, namba za kwenye kibandiko cha dirisha la gari jipya huzingatia pia mwendo wa kasi, kiyoyozi na baridi, lakini trela lako halimo.

Halafu kuna baridi yenyewe. Silinda hazizimwi mpaka injini na oili vipate joto la kutosha. Mtu anayetoka nyumbani kwenda kazini maili tatu, nne, anaweza kufika kabla mfumo haujaanza. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha kuwa gari la petroli mjini hupoteza takriban asilimia 15 ya maili kwa galoni kwenye nyuzi 20 za Fahrenheit likilinganishwa na nyuzi 77, na kwa safari fupi hasara hufika hadi asilimia 24. Ukiongeza dakika za kuliacha likinguruma mlangoni ili lipate joto, hapo unachoma mafuta bila kwenda hata hatua.

Tafadhali angalia pia unajaza nini. Pikapu nyingi zenye kifuniko cha njano kwenye tundu la mafuta hukubali E85, yaani petroli iliyochanganywa na ethanoli nyingi, na kwetu Minnesota vituo vinavyoiuza ni vingi. Bei yake inavutia, lakini ethanoli ina nishati ndogo kuliko petroli, na maili kwa galoni hushuka kwa asilimia 15 hadi 27. Linganisha gharama ya kila maili. Bei ya galoni peke yake itakudanganya.

Matairi makubwa nayo huleta mkanganyiko. Yanaongeza uzito na ukinzani, hilo ni kweli, lakini pia yanafanya odometa ihesabu maili chache kuliko ulizokwenda. Kwa hiyo hesabu yako inaonekana mbaya kuliko hali halisi, mpaka kipimo kirekebishwe.

Kinachotutia wasiwasi sisi ni oili. Silinda huzimwa kwa presha ya oili inayosukuma pini ndogo ndani ya tapeti, kile kipande kinachosukuma valvu ifunguke. Oili ikichakaa, ikipungua au ikiwa nzito kuliko ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, pini hizo zinaweza kukwama. Ukisikia tik-tik-tik isiyoisha injini ikiwa imeshapata joto, au inamisi na taa ya injini inawaka, usiendelee kuendesha. Tapeti iliyokufa inaweza kuikwangua kamshafti, yaani shafti inayoendesha tapeti, na hapo gharama ni nyingine kabisa. Wengine huchomeka kwenye soketi ya kompyuta ya gari kifaa cha kuzuia silinda zisizime. Hatumkatazi mtu, ila kifaa hicho hakiponyi tapeti iliyokwisha kuharibika, na ile maili moja uliyokuwa unaipata inakwenda.

Ukituletea gari kwa ajili ya mafuta, tunaunganisha mashine ya kusoma kompyuta na kutoka nalo barabarani, tuone silinda zinazima lini na kwa muda gani. Tunakagua oili, presha ya matairi, plagi, na breki zinazoshika bila kukanyagwa. Kabla ya kuja, jaza tangi mpaka pampu ijikate, andika odometa, endesha kama kawaida, kisha jaza tena. Gawa maili kwa galoni ulizoongeza. Fanya hivyo kwa matangi mawili au matatu, na tuandikie pia kama ulivuta trela na ulitumia petroli ya kawaida au E85. Namba ya kwenye dashibodi mara nyingi hukupendelea. Risiti za kituoni ndizo tutakazoanzia.