YAH: MATANGI SITA YA VIOO NA NILIVYODHALILISHWA KAUNTANI KWENU

Kwa Meneja,

Salamu. Naandika nikijitahidi kushika adabu. Pale itakaponiponyoka mtanisamehe.

Masharti yenu ya dhamana mnayajua, yako nyuma ya risiti. Nionyesheni tu sharti linalomruhusu mhudumu wenu kumwambia mteja mbele za watu, "Mzee, kama unataka samaki, nenda Ggaba," yaani kwenye soko la samaki la kando ya ziwa. Nilikuwa nimeshika kopo la kioo lenye nkejje jike aliyekufa, samaki mdogo wa Ziwa Victoria. Watu wakaangua kicheko.

Matangi ya kufugia samaki niliyonunua kwenu ni sita, lita 60 kila moja, kwenye rafu ya chuma katika chumba changu cha uani hapa Kireka, ambacho nilikuwa nikikipangisha. Vingine vyote nilibana: pampu moja ya hewa inayogawa matangi yote, machujio ya sponji, maji ya bomba yanayolala ndani ya pipa siku nzima ili klorini itoke. Vioo ndivyo nilivyowaachia nyinyi, kwa kuwa tangi likiachia ni kilo 60 za maji sakafuni. Nikalipa shilingi 1,450,000 taslimu. Ile nauli mliyoniongezea mlangoni tuiache kwanza.

Gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, walianza kufa siku ya tatu. Nililaumu maji, nikajilaumu mwenyewe. Kumbe! Fundi wenu ndiye aliyeniambia nijaze maji jioni ileile, silikoni, gundi ya kuunganishia vioo, ingali inanuka siki. Na tyubu tupu aliyoisahau nyuma ya rafu inajieleza: silikoni ya bafuni, yenye dawa ya kuzuia ukungu, isitumike kwenye matangi ya samaki. Hayo ni maandishi ya kiwanda, si yangu.

Narudi kauntani, maana bado halijanitoka. Nkejje hulelea mayai mdomoni. Jike akishayabeba hali chochote, na huyu alikuwa ameyabeba siku chache. Asubuhi ile nilimkuta amelala ubavu, mayai kayatema, yametapakaa chini ya tangi kama punje za mtama, yamegeuka meupe. Nikamleta mmuone. Mhudumu wenu alininyang'anya kopo, akalimwaga kwenye sinki la kunawia mikono, akamsukuma samaki tunduni kwa kidole, ndipo akasema hayo ya Ggaba. Kisha akanirudishia kopo tupu na kumwita aliyekuwa nyuma yangu. Mimi nina mvi, Meneja.

Siku ile nilikuja kuomba mnibadilishie matangi matatu tu. Sasa naomba yote sita. Hapana, sitaki tena kioo chenu ndani ya nyumba yangu: nataka 1,450,000 zangu kamili pamoja na hiyo nauli, mnilipe samaki waliokufa, na gari lenu lije kuchukua vitu vyenu. Nataka pia radhi kwa maandishi, iliyosainiwa na wewe, si na yeye.

Nawapa siku saba. Zikipita, tyubu naipeleka UNBS, shirika la viwango la Uganda, na risiti naipeleka mahakamani kwenye utaratibu wa madai madogo, ambao mwisho wake ni shilingi milioni 10. Dai langu linaingia humo na nafasi inabaki, na kila siku mtakayonizungusha nitaijaza hiyo nafasi.

Kopo sijaliosha. Nitakuja nalo.

Mteja wenu,
Kireka