Kitufe, kitufe, kitufe

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi, kwanza kwa macho, sasa kwa masikio. Presha ya macho iliniondolea uoni nikiwa na miaka 34. Baadaye nikapata kisoma skrini, yaani programu inayoyatamka maandishi yaliyo kwenye kompyuta au simu, nikarudi kuwa msomaji wenu kupitia tovuti.

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta tanzia ya mtu niliyefanya naye kazi. Niliipata. Sauti ikaanza kusoma, na ilipofika palipoandikwa "tunatoa pole kwa mke wake", ikatamka "poul", kisha "weik". Kwa Kiingereza neno la kwanza ni mlingoti, la pili ni kuamka. Nikaufunga ukurasa, nikakaa kimya kwa muda mrefu.

Sauti ile siilaumu. Sauti ya Kiswahili ninayo kwenye kompyuta yangu, na ingawa ni ya kimashine, hainiangushi. Ila kila ukurasa wa tovuti unatakiwa kutaja lugha yake mwanzoni mwa msimbo wake, yaani maelekezo yanayosomwa na kompyuta, mahali ambapo anayetumia macho hana haja ya kupaangalia. Alama ya Kiswahili ni herufi mbili tu: sw. Nimeukagua ukurasa ule mwenyewe: umeandikwa en. Kisoma skrini changu kikaambiwa "hiki ni Kiingereza", nacho kikatii. Naweza kukizuia kisibadilishe lugha, na ndivyo nilivyofanya siku ile ili nimalize kusoma tanzia, lakini nikikiacha hivyo, kila cha Kiingereza nitakachofungua kitasomwa kwa matamshi ya Kiswahili. Herufi mbili, Mhariri, zingemaliza jambo hili kwa wasomaji wenu wote wasioona.

Kabla ya kupofuka nilikuwa mpiga chapa. Mtu yeyote aliye karibu na kibodi aguse sasa hivi herufi F na J: atakuta kijinundu kidogo kwenye kila moja. Hapo ndipo vidole vya shahada hukaa, na kutoka hapo vidole vingine vinajua njia. Ndiyo maana sikupoteza kazi ya mikono yangu nilipopoteza macho. Kipanya ni jambo jingine. Douglas Engelbart, Mmarekani aliyekibuni, alikionyesha hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, na nasikia watu waliohudhuria walisimama kumpigia makofi. Siwalaumu. Lakini kipanya kinataka jicho liufuate mshale, na mtu asiye na jicho hana la kufuata. Kompyuta zilipokuwa zinaonyesha maandishi matupu, programu za kusoma ziliyachukua jinsi yalivyo na kuyatamka. Kisha zikaja kompyuta za picha na madirisha, Macintosh mwaka 1984, halafu Windows, na makarani wasioona waliokuwa wanafanya kazi zao vizuri wakajikuta mbele ya michoro isiyosema kitu.

Kilichotuokoa ni majina. Kila kilichomo kwenye skrini kinaweza kubeba jina lisiloonekana: hiki ni kitufe, kinaitwa "Tuma", hii ni picha, inaonyesha daraja lililobomoka. Mwenye macho anaona mchoro, mimi nasikia jina, na wote tunafika. Kisoma skrini ninachotumia kwenye kompyuta, NVDA, kilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia ambaye naye haoni, na kinatolewa bure. Mwaka 2009 iPhone ikapewa kisoma skrini chake, VoiceOver, na simu za Android nazo zina chao, TalkBack, ambacho ndicho changu. Nakiri niliviogopa vioo vile. Nilizoea simu ya vitufe, yenye kinundu kwenye namba 5, na nilipopewa simu ya kioo niliipapasa mbele na nyuma nikaona nimepewa kigae. Kisha nikafundishwa: telezesha kidole polepole, kila unachokigusa kitajitaja, na ukipata unachotaka, gonga mara mbili. Jioni ile nilisoma ujumbe wa simu peke yangu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Hakuna aliyenisomea. Mtu ambaye barua zake zote zimewahi kupitia mdomoni mwa mwingine ataelewa.

Lakini yote haya yanasimama juu ya jambo moja: awepo mtu aliyeandika hayo majina.

Taasisi moja ambayo nahitaji huduma zake kila mwezi ilibadilisha programu yake ya simu. Awali nilikuwa naingia mwenyewe na kusikia "Salio", "Taarifa", "Tuma", "Ondoka". Katika toleo jipya wameondoa maneno na kuweka vijipicha, na hakuna aliyevipa majina. Nikitelezesha kidole nasikia: kitufe. Kitufe. Kitufe. Kitufe. Nikaamua kukariri kwa kuhesabu, kwamba cha tatu kutoka juu ndicho cha kutuma. Wiki mbili baadaye wakaongeza kingine katikati, na nikafuta ombi lililonichukua jioni nzima kulijaza. Siku hizi namwita mpwa wangu na kumtajia namba yangu ya siri. Ni kijana mwaminifu na simshuku kwa lolote. Ila nina miaka 61, na mambo yangu ya fedha yanajulikana na mtoto wa dada yangu kwa sababu kuna mtu hakuandika neno la herufi nne.

Nilipolalamika, niliambiwa nisubiri huduma ya kuongea na simu kwa mdomo. Nashukuru kwa wazo, na naitumia sauti kuandika ujumbe mfupi. Lakini nani anataka kutamka namba yake ya siri kwenye foleni? Na asiyeweza kusema afanye nini? Kuna pia ule ukaguzi wa "chagua picha zote zenye taa za barabarani" ili kuthibitisha kuwa wewe si roboti. Pasipo na njia ya kusikiliza badala ya kutazama, mashine inanihesabu mimi kuwa si binadamu. Nimekwama hapo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Hakuna katika ninayoyaomba jambo geni. Mwongozo wa kimataifa wa kutengeneza tovuti zinazofikiwa na watu wote ulitolewa mwaka 1999 na W3C, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya tovuti, na kanuni yake ya kwanza kabisa ni hiyo hiyo: kila kisicho maandishi kiwe na maandishi mbadala. Lugha ya ukurasa kutajwa nako kumo. Vijana wanaosomea kutengeneza programu wanafundishwa rangi na mwendo wa vidole vya wenye macho. Wafundishwe na hili wakiwa bado darasani, maana kuandika jina la kitufe wakati wa kukitengeneza ni kazi ya sekunde chache, ila kurudi kuyatafuta mia tatu yaliyosahaulika hakuna anayekutaka.

Kwenu, Mhariri, naomba mrekebishe ile alama ya lugha. Picha zenu nazo kwangu zinasomeka "I M G, mbili, sifuri, nne, saba". Mwandishi aliyekuwepo pale picha ilipopigwa anajua kilichomo, aandike sentensi moja. Na yule kijana anayetengeneza tovuti yenu, kama ana saa moja, nitafika ofisini kwenu na kompyuta yangu. Tuizime skrini, aufungue ukurasa wenu wa mbele kwa masikio, na atafute habari aliyoiweka mwenyewe asubuhi ile. Nitakaa pembeni yake, na akikwama nitamwonyesha njia ninazopita mimi.

Wako,
Mpiga chapa mstaafu