Kabla ya kusema hadubini imekufa, geuza slaidi

Sisi tunaouza na kutengeneza hadubini, lawama inayorudi kila mara kutoka kwa wateja ni hii: "Lenzi ya 10 inaonyesha, ya 40 ukungu mtupu. Mmeniuzia mbovu." (Namba hizo ni mara ambazo lenzi inakuza.) Mara nyingi hadubini ni nzima. Slaidi ndiyo imelazwa vibaya.

Hadubini hizi ndogo za zamani, za mtindo aliobuni John McArthur miaka ya 1930, zimepinduliwa. Mwanga unaingia kwa juu, unapita kwenye slaidi, unaingia lenzi iliyo chini yake, kisha prizimu mbili, yaani vipande vya kioo vinavyogeuza mwanga, zinaukunja mpaka kwenye lenzi ya jicho. Ndiyo maana inaenea kiganjani. Kwa hiyo kioo chembamba cha kufunikia kitazame chini, kwenye lenzi. Kina unene wa milimita 0.17 hivi, ilhali slaidi yenyewe inakaribia milimita 1. Lenzi ya 10 ina nafasi ya kutosha kuona kupitia unene wa slaidi. Ya 40 haina. Ukizidi kuisogeza inagonga kioo na kukwaruzika usoni, na mkwaruzo huo hausafishiki. Damu iliyopakwa bila kioo cha kufunikia nayo itazame chini, na kwa lenzi ya 100 uweke tone la mafuta yake. Ukimaliza, yafute siku hiyohiyo, maana yakikauka yanaganda.

Tatizo la pili ni kitasa cha fokasi kilichokaza. Grisi ya miaka mingi hugeuka kama gundi. Watu hupulizia dawa ya kulegeza kutu, kitasa kinazunguka, wanafurahi. Dawa hiyo hutambaa mpaka kwenye prizimu na kuacha utando, na kazi ya kulainisha sehemu moja inakuwa kazi ya kufungua mwili mzima. Wengine hulazimisha kwa koleo, meno ya gia yanakatika. Gia za hadubini hizi haziuzwi tena, lazima tuzichonge.

Hapo ndipo tunaambiwa bei yetu ni ya wizi. Kusafisha ni kufungua, kuweka alama kila prizimu ilivyokaa, kuondoa grisi yote, kupaka mpya kidogo sana, kisha kunyoosha mwanga upya. Lenzi hatuziloweki kwenye spiriti, kwani gundi inayounganisha vioo vyake huachia.

Na tafadhali, toa betri kabla ya kuituma. Betri iliyovuja hula vishikio vya taa, na hilo ni fundi mwingine na bei nyingine.